Iondolewe Ijumaa

Jumanne saa tatu asubuhi, fundi wa seva wa ofisi ya usajili wa wakazi aliweka kikombe cha chai juu ya seva ya zamani, pale pale ambapo joto la mashine lilikuwa limempashia chai kwa miaka kumi na moja, akaanza kuhamisha mipangilio ya tovuti. Seva mpya ilikuwa pembeni, bado imevaa nailoni upande mmoja. Ilikuja na mfumo endeshi mpya, na mfumo mpya haukuelewa maandishi ya zamani, kwa hiyo kila kanuni ilibidi isomwe, iandikwe upya, kisha ijaribiwe. Ilikuwa mistari mia tatu na ushee. Kazi kama hiyo inataka mtu mwenye subira, na yeye alitoka kwenye familia iliyozoea kusubiri.

Ofisini walimwita Mjomba Mtarajiwa. Dada yake, aliyeolewa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali, alikuwa na mimba ya miezi tisa, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Mabirika yalikaa motoni kutwa yakaishia kuwa vuguvugu. Kinyozi alifunga duka kwa sababu nywele zilikuwa hazioti tena, akawa anacheza bao na fundi saa. Watoto wa darasa la nne walikuwa bado darasa la nne, na kitabu cha kusoma walikuwa wamekikariri mpaka anwani ya mpiga chapa. Mkunga alipita kila Jumatatu, akampapasa dada tumbo, akasema, "Bado kidogo," akaenda zake. Jumapili fundi alikwenda kuwaona na sufuria ya chakula cha moto, maana kule hakikuiva kitu.

Alipofika mstari wa mia mbili na kumi na mbili, mashine mpya iliukataa. Akaufungua ausome. Juu yake palikuwa na maelezo, kama mafundi wanavyoachiana: *Ya muda. Mtaa wa nyuma ya kiwanda wapewe ukurasa wa kusubiri. Iondolewe Ijumaa.* Mwishoni palikuwa na herufi mbili za jina la mwandishi. Zilikuwa zake.

Alikunywa chai funda moja. Alikumbuka vizuri. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini, ofisi imetangaza kwamba watu wa mtaa ule sasa wataanza kutambuliwa, nao wakaleta maombi yote siku moja, seva ikakwama. Mkuu wa kitengo akamwambia, "Hao wape subiri mpaka Ijumaa." Aliiandika kanuni ile kwa dakika nne, akasifiwa, na zilikuwa sifa zake za kwanza pale. Ijumaa aliamka na mafua. Jumatatu kulikuwa na mambo mengine. Sasa alisikia aibu, lakini kwa mbali, kama mtu anayesikia simu ikilia nyumba ya jirani.

Mstari ule hakuuhamisha. Alimaliza iliyobaki, akaiwasha seva mpya kwa majaribio, akaielekezea wageni wa tovuti. Maombi kutoka nyuma ya kiwanda yaliingia: kumi, mia, elfu nne na kitu. Mashine ilikuwa na nguvu, haikukohoa hata mara moja. Saa tano na robo simu yake ikaita.

"Mdogo wangu," dada yake alisema, "birika limechemka."

"Mmelitoa motoni?"

"Kalitoa shemeji yako. Limemuunguza, maskini, alishasahau." Alivuta pumzi ndefu. "Na mimi kiuno kimeanza. Mkunga yuko hapa, anasema ni leo."

"Nakuja sasa hivi."

"Maliza kazi yako kwanza. Miaka yote hii tumekaa, saa moja ndiyo itatuua?"

Mkuu wa kitengo aliingia na karatasi ya ukaguzi. Alikuwa mama mpole, hakuwahi kumfokea mtu. Karatasi ililinganisha majibu ya seva ya zamani na ya mpya, na kanuni ya kuhama ilitaka yafanane yote.

"Mjomba, hapa pana tofauti," alisema. "Ya zamani inasema subiri. Hii inasema karibu."

"Ni kosa langu la zamani, mama. Nimelirekebisha."

"Leo tunahama tu. Anayehama hubeba vyombo vyake vyote, hata chenye ufa. Na hao elfu nne wakishakaribishwa, nani atawajibu? Nina makarani wawili, na mmoja yuko likizo."

"Dada yangu yuko huko. Ameshashikwa na uchungu."

"Yule yule?"

"Yule yule."

"Mpe pole sana," mkuu alisema, na alisema kwa moyo. "Jaza fomu ya mabadiliko, nitaitia sahihi leo hii hii."

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaka barua ya mkazi aliyesajiliwa wa mtaa unaohusika. Mtaa unaohusika haukuwa na mkazi aliyesajiliwa hata mmoja. Fundi aliigeuza karatasi aone kama nyuma pana maelezo mengine, akakuta peupe.

Angeweza kukataa. Alilifikiria hilo, akaona kwamba kazi itapewa mwenzake wa ghorofa ya pili, na mwenzake yule huandika ovyo. Basi akauandika mstari ule mwenyewe. Kwa namna mpya kanuni ile ilikuwa fupi zaidi, na ilipendeza. Aliijaribu. *Mipangilio iko sawa*, skrini ikasema. Mkuu aliweka alama ya vema kwenye karatasi yake, akamshukuru.

Simu ikaita tena.

"Kimeacha," dada yake alisema.

"Kiuno?"

"Kimeacha chenyewe. Na kichwa kilishaonekana, mdogo wangu. Mkunga anasema ana nywele nyingi."

Fundi alitaka kumwambia. Maneno alikuwa nayo, yalikuwa machache tu, lakini alipofungua mdomo aliuliza, "Nyeusi?"

"Nyeusi, kama zako. Mkunga anakunja vitu vyake. Anasema bado kidogo. Jumapili utakuja?"

"Nitakuja."

"Ulete na chai kwenye chupa. Shemeji yako ameonja ya moto leo, hii nyingine sasa haimpiti kooni."

Alipokata simu aliona kwamba mstari mpya hauna maelezo, na mstari usio na maelezo humsumbua fundi anayekuja baadaye. Akaandika juu yake: *Ya muda. Iondolewe Ijumaa.* Akaweka herufi mbili za jina lake. Kisha akaizima seva ya zamani, akakihamishia kikombe juu ya ile mpya.

Seva mpya haikutoa joto. Alipoikumbuka chai yake, ilishakuwa vuguvugu, akainywa hivyo hivyo.