Duara la Enock

Jamani, mtu akimezwa na ardhi mzimamzima, bado anatakiwa kuzikwa ndipo ahesabiwe marehemu? Ndivyo Martina alivyoambiwa na mthamini wa mgodi uliochukua kijiji chao, aliyekuja kuorodhesha makaburi ya kuhamishwa, bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Mama, hili ni duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Kaburi lina mtu aliyezikwa."

"Mume wangu yumo humo. Mwamba ulimwangukia, mwaka wa tano huu. Hatukumpata."

"Una shahidi?"

Shahidi! Wachimbaji wa siku ile walishatawanyika, kila mmoja kakimbilia kule dhahabu iliposikika. Aliyebaki ni Januari, mwenye duara. Martina akapanda basi mpaka Kahama, akagonga geti lake.

Januari alimkaribisha vizuri, soda baridi, kochi la ngozi. Aliposikia habari ya ushahidi, uso ukambadilika.

"Shemeji, nilichimba bila leseni, na kifo kile sikukiripoti. Nikifungua mdomo, nafungwa. Halafu nimeshasaini kwamba duara ni tupu. Fidia nimeshaila."

"Umeila? Na Enock mlikuwa mnakula ugali sahani moja!"

Januari akatazama runinga. Martina akaondoka, soda hakuigusa. Ndani ya basi alilia waziwazi, na hakuna aliyemuuliza.

Wiki iliyofuata mgodi ukahamisha makaburi. Haki ya marehemu, walitangaza kwenye kipaza sauti. Haki ya marehemu mwenye karatasi, wangesema hivyo tungewaelewa! Majeneza mapya, padri, shehe, magari. Majirani wakapanda na wafu wao, wakaenda. Martina akabaki kijiji kizima peke yake, hana hata wa kumwitikia shikamoo.

Asubuhi moja tingatinga likaja kufukia maduara. Kwenye usalama mgodi hauna mchezo: kabla ya kufukia lazima waite mara tatu, asije akafukiwa mchimbaji aliye hai. Msimamizi akainama ukingoni.

"Kuna mtu?"

"Yupo!" akaitika Martina nyuma yake.

Tingatinga likazimwa. Wakamulika chini kwa taa, wakaona mawe matupu.

"Kuna mtu?"

"Yupo. Anaitwa Enock."

Msimamizi akamtazama kwa huruma. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya chini, na Martina akaitika kwa nguvu zake zote, mpaka koo likamkwaruza.

Msimamizi akaandika kwenye fomu: eneo halina mtu. Kisha akamshika Martina mkono, akamtoa ukingoni.