Kilatini cha Mzee Sebahire

Mzee Sebahire alikuwa na huzuni moja ambayo hata mkewe alishachoka kuisikiliza: Misa ilikuwa imeachana na Kilatini. Alikulia Masisi, upande wa Kongo, akiimba katika kwaya ya misheni, na tangu mapadri waanze kuimba kwa lugha za watu, aliona kana kwamba Mungu amehamishwa kutoka nyumba ya mbele akapangishwa chumba cha uani.

Basi mwaka 1999, risasi zilipokoma kusikika huko Bugeshi milimani na viazi vikaanza tena kushuka Gisenyi, mji wa mpakani upande wa Rwanda, alijiwa dukani kwake na mwalimu mmoja mrefu, Valens, gitaa mgongoni. Valens alikuwa amerudi kutoka Tanzania. Alisema anatafuta nyumba ya kuanzishia kituo cha sanaa na utamaduni wa Kilatini. Mzee hakumwacha amalize.

"Kilatini? We kijana, umesema Kilatini?"

"Ndiyo, mzee. Nilipelekwa kusoma Kuba, na mambo ya kule yakaniingia moyoni. Nataka na watu wa hapa wayaonje."

"Kuba iko wapi?"

"Ng'ambo ya bahari, mzee. Wakatoliki wako wengi," Valens akaongeza, akidhani anamfurahisha mwenyeji wake tu.

"Bon. Imeisha," mzee akasema, na palepale akamkabidhi ghala lake la viazi karibu na kile kituo kidogo cha mpakani, Petite Barrière, pamoja na mabenchi yote aliyokuwa akiyakodisha kwenye harusi na matanga.

Mfadhili wa pili alikuwa Nyirasafari, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Yeye katika maelezo yote ya Valens kuhusu Amerika ya Kilatini alishika neno moja, Amerika, akajua Wamarekani wanakuja na mafuta ya kupikia ya msaada. Akatoa taa ya karabai na beseni zima la sambaza kwa ajili ya ufunguzi. Valens hakumdanganya mtu. Kila mtu alijidanganya kwa uwezo wake.

Aliyeelewa alikuwa Mukamusoni, mke wa mzee, aliyewahi kuwa msichana mjini Goma enzi za cha-cha-cha, dansi iliyotoka hukohuko Kuba. Aliliona gitaa, akajua ni Kilatini gani, akaenda zake kupiga viatu rangi.

Siku ya ufunguzi, Jumapili baada ya Misa, Sebahire alifika na koti lake jeusi na rozari, koo limelainishwa kwa asali. Akaketi mbele. Valens akawashukuru wafadhili, watu wakapiga makofi, kisha akamkonyeza Ngoga, mbeba mizigo wa mpakani aliyekuwa amezikumbatia ngoma mbili. Ngoma zikalia. Gitaa likajibu. Mzee akasubiri kwa adabu utangulizi uishe, lakini badala ya kuisha, mabega ya watu yakaanza kutikisika, na dada mmoja mwenye gauni jekundu akaingia katikati akizungusha kiuno.

"Simamisha!" Mzee alikuwa ameshasimama. "Hii ni Kilatini gani ya kuzungusha kiuno?"

"Ndicho chenyewe, mzee. Kilatini cha Amerika."

"Mi nilitoa nyumba juu ya Misa!"

"Hukuniambia Misa, mzee wangu."

"Na we hukuniambia kiuno!" Akageukia watu. "Nyumba nilishatoa, neno yangu sirudishe. Lakini mabenchi, nabeba. Simameni wote!"

Watu wakasimama. Mzee, na koti lake la Jumapili, akayaburura mabenchi nje moja baada ya jingine, jasho likimchuruzika. Hakujua anachofanya. Ghala lilikuwa limebanana hata pa kugeukia hapakuwapo, na kila benchi lililotoka liliwapa watu nafasi ya kunyoosha mguu. Alipolitoa la mwisho, ukumbi mzima ulikuwa unacheza, na katikati yao, viatu mkononi, alikuwa Mama Cyiza, yaani Mukamusoni, mkewe mwenyewe.

Mzee akatoka, akaketi peke yake kati ya mabenchi yake. Punde akaja Nyirasafari na beseni, amenuna.

"Papa Cyiza, Wamarekani hawajafika?"

"Hakuna Wamarekani."

"Na mafuta?"

"Hakuna mafuta, mama."

Wakala sambaza, watu wawili waliofiwa na matumaini. Dirishani sauti ya Valens ikapanda, ikalivuta neno moja la Kihispania kwa uchungu: *corazón*. Mzee akaacha kutafuna. Akainuka, akaingia ndani na samaki mkononi.

"Valens! Ile neno, korasoni, njo nini?"

"Moyo, mzee."

"*Cor*," mzee akanong'ona kwa Kilatini chake cha misheni. "Na mukono?"

"*Mano*."

"*Manus!* Na mbingu?"

"*Cielo*."

"*Caelum!*" Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Mzee akawatazama watu kama mtu aliyekuta ng'ombe wake aliyepotea katika zizi la wengine. "Donc hawa watu wa Kuba wanasema Kilatini! Wanakisema vibaya tu. Wamekula miisho yake yote!"

"Papa Cyiza," mkewe akasema, akihema, "sasa nani atawafundisha kama si wewe?" Akasema hivyo bila kucheka, hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake.

Mabenchi yakarudi jioni ileile, safari hii yakapangwa kandokando ya ukuta. Kila Jumamosi mzee aliketi mbele akimsahihisha Valens miisho ya maneno, na Valens akasema "asante, mzee," kisha akaimba vilevile. Kabla ya dansi palikuwa na nyimbo za Misa kwa Kilatini, na asiyeimba hakucheza. Matokeo yake, hakuna kwaya Gisenyi nzima iliyojaza watu kama ile.

Habari zikamfikia padri. Akaja Jumamosi moja, akakuta wabeba mizigo na wauza samaki wakiimba *Gloria* yote bila kujikwaa, machozi yakamlengalenga. Hajayafuta, Ngoga akapiga ngoma, na Nyirasafari, ambaye alishawasamehe Wamarekani, akamshika mkono padri na kumvuta katikati.

Padri akamtazama Sebahire, akitafuta msaada.

"Pole pole tu, mon père," mzee akamwambia. "Muguu wa kushoto njo unaanza."