Ua wa Mipungate

Bibi Nazmiya alikuja na kisu, gazeti la kuviringishia, na ukaidi wake wote wa miaka themanini na nne. Mjukuu wake Raghda alikuwa amemaliza kujenga nyumba Nazareti, na kwa bibi huyu nyumba isiyo na mpungate, ule mmea wa miiba wa kuzungushia ua, ni ghala tu. Tena bapa la kupanda, lile jani lake nene, sharti litoke kwenye ua wa baba yake, kijijini Ain Zahra.

Kijiji chenyewe kilibomolewa vitani yeye akiwa mtoto, wenyeji wakafukuzwa, juu yake ikapandwa misonobari. Mipungate ilikatwa, ikachomwa, ikarudi. Haisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Ua aliukuta. Na mbele yake alimkuta Mama Fawaz, jirani yao wa zamani, anachuma matunda.

"Wee! Unachuma kwetu?"

"Kwenu wapi? Kwenu kule, penye zile meza za watalii."

"Uzee umekula macho yako. Ua huu kaupanda baba yangu!"

"Baba yako? Yule aliyeshindwa hata kufunga punda wake?"

Nazmiya aliona hasira, na hofu pia. Kama ua haukuwa wao, basi angempa mjukuu wake mali ya watu, na mwaka mwingine wa kurudi hapa hakuwa na uhakika nao.

"Bibi," Raghda alisema, "mpungate si mpungate tu? Tukate twende zetu."

"Nyamaza!" walimkemea wote wawili.

Makelele yalimleta mlinzi wa msitu mbio mbio. "Kukata marufuku! Nanyi mnapigania nini? Huu ni msitu, hapajawahi kukaa mtu hapa."

Nazmiya alimgeukia polepole. "Hapajakaa mtu? Haya niambie, mwanangu, sisi tunagombania mpaka wa nini?"

Mama Fawaz alimpokonya Nazmiya kisu, akakata bapa nene mbele ya macho ya yule mlinzi, akampa Raghda.

"Kapande, binti yangu. Wanao wakiuliza, waambie ulipewa na jirani."

Nazmiya alikichukua kisu chake, akakata la pili, akamsukumia Mama Fawaz kifuani.

"Shika na wewe. Lako hilo, nimekupa kutoka kwetu."