Swali Nililoombwa Nisiulize

Asubuhi ya mkutano Biribo alikuja kwangu, akaweka vipande viwili vya tumbaku juu ya mkeka, akasema, "Mdogo wangu, nina ombi."

"Umepata," nikajibu.

Kosa langu lilikuwa hapo. Nilikubali kabla ya kusikia ombi lenyewe. Lakini kwetu ndivyo mtu anavyomjibu ndugu wa damu. Biribo ni mtoto wa baba mkubwa, na ombi la ndugu halikataliwi. Ukilikataa, wanao watachekwa mpaka waote mvi.

"Leo ukumbini, kwenye maneaba," akasema, "usiulize habari za meli."

Mwaka ule fedha ziliharibika dunia nzima. Wazungu walikosa mizigo, meli zao zikatia nanga, na sisi mabaharia tukarudishwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimetumikia meli za Wajerumani miaka kumi na tisa. Fedha tulizokuwa tunatuma, zilizokuwa zikilisha kisiwa kizima, zikakatika. Tukarudi kwenye mbata. Kila nyumba ilipasua nazi, ikakausha, ikajaza magunia. Magunia yakabaki ghalani, maana meli ya kuyapeleka Tarawa, mji mkuu, haikuonekana tangu mwezi wa nne, na sasa ulikuwa wa kumi. Yangu yalikuwa arobaini na mawili, na ya chini yalishaota ukungu.

Waliotaka kutuwakilisha bungeni walikuwa wawili. Biribo aliahidi kuwa serikali itapandisha bei ya mbata kutoka senti sitini kwa kilo hadi dola moja na senti ishirini. Bi Katimira, mwalimu mstaafu, yeye alitaka bei ishuke hadi senti hamsini, ile senti kumi itakayopunguzwa ikodi meli kila baada ya wiki sita. Unaweza kukisia nani alikuwa anapigiwa makofi.

"Kwa nini nisiulize?" nikamwambia Biribo.

"Kwa sababu ni wewe tu utakayeuliza. Wengine wanasikia bei, wanaridhika. Wewe unajua mafuta, unajua gharama ya kubeba mzigo. Wazee wanakusikiliza."

"Meli unayo?"

"Nikishapata kiti itapatikana."

"Kwa hiyo huna."

"Tekaai, umeshasema nimepata."

Alipoondoka, mke wangu Teretia aliitazama ile tumbaku. "Ivute yote leo," akasema. "Usiwaonyeshe watu unauzwa bei gani."

Katika maneaba yetu kila ukoo una mahali pake pa kukaa, na mtu husema akiwa mahali pake. Mimi nilikaa upande wa mashariki, kwenye nguzo ya tatu, alipokaa baba yangu na babu yangu. Kulia kwangu alikuwa Baba Mkubwa Toromon, baba yake Biribo. Siku ile kijiji kilikuwa kitoke na sauti moja, na kura zetu zote ziende kwa mtu mmoja.

Biribo alisema vizuri. Alitaja ile bei mara nne, na kila mara watu walipiga makofi. Bi Katimira aliposimama, kijana mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, umekuja kutuchapa?"

"Nimekuja kuhesabu," akajibu. "Kuchapa niliacha nilipostaafu. Ila wewe ningekuongeza."

Watu wakacheka, lakini aliposema senti hamsini kicheko kilikufa. Mzee mmoja akageuza uso na kutema mate nje.

Mzee Uriam, mwenye kuongoza mkutano, akauliza, "Kuna swali?"

Macho yakanijia. Baba Mkubwa akaniwekea mkono juu ya goti. "Tulia, mwanangu. Ni kaka yako."

Nilitulia. Nikasikia upande wa pili wakianza kunong'onezana, "Dola na ishirini, dola na ishirini," kama watoto waliopewa sukari. Nikajua nikikaa kimya tutachagua bei ya kitu kisichonunuliwa na mtu, na tutakaa nayo miaka minne. Nikiuliza nikiwa pale pale kwenye nguzo ya tatu, aibu ya neno lililovunjwa itamwangukia Baba Mkubwa pia.

Upande wa magharibi kuna mahali pa ukoo wa mama yangu. Nina haki ya kukaa huko. Lakini anayehama katikati ya mkutano amehama yeye na watoto wake. Hakuna atakayemtunzia mahali alipotoka.

Nikainuka. Nikainama, kama mtu anavyopita mbele ya wazee, nikavuka sakafu yote. Mjomba wangu alinitazama kwa mshangao, kisha akasogea, nikakaa.

"Tekaai," akasema Mzee Uriam, "umepotea njia?"

"Hapana, mzee. Nimehama."

"Unajua maana yake?"

"Najua."

Nikasema, "Kaka Biribo. Mbata hiyo ya dola na ishirini, nani ataibeba mpaka Tarawa?"

"Serikali italeta meli."

"Ipi? Iliyokuwa ikija kwetu imepandishwa nchi kavu. Nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda Tarawa kwa ndege, haina hata rafadha. Nitajie nyingine."

Biribo alinitazama. "Wewe ulinipa neno."

"Nilikupa. Nimelivunja. Na wote wasikie kuwa nimelivunja mimi, si baba yako. Meli gani?"

Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. "Bado sina," Biribo akasema.

Nikamgeukia Bi Katimira. "Na wewe usitabasamu. Senti kumi hizo zitatosha kukodi meli?"

"Safari mbili za kwanza hazitatosha," akasema. "Mtapeleka mbata na mtangoja malipo miezi mitatu. Nikiwaambia vingine nitakuwa mwongo."

Manung'uniko yakapanda. Bibi mmoja akasema kwa nguvu, "Angalau huyu anatuumiza tukiwa tunamwona."

Walibishana mpaka jua likaelekea magharibi. Mwisho Mzee Uriam akatoa neno: kijiji kitampa mwalimu kura. Hakuna aliyeshangilia. Biribo alitoka bila kuaga.

Baba Mkubwa Toromon hakunitazama. Aliwaambia tu wa ukoo wake, "Sogeeni." Wakasogea, goti kwa goti, mpaka nafasi ikaisha.

Chakula kikaletwa. Wanawake wakaanza kupeleka bakuli, kila mmoja kwa mume wake. Teretia alisimama katikati ya maneaba na bakuli la samaki. Kwa mazoea akapiga hatua mbili kuelekea mashariki. Akasimama. Kisha akageuka, akaja nilipo, na watu wote wakimwangalia.