Nunua Iliyo Safi

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta, maana mbele huko mtakutana na watu wa kuwashuku: muuza duka mwenye tai na shemeji yangu Mukund. Kila mmoja ana kosa lake, lakini hakuna aliyenishika mkono nikatia saini. Nilitia mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

Naitwa Ramnivas. Nafunga upya mota za feni na pampu za maji hapa Indore, kazi niliyofundishwa kwa makofi na mafundi watatu tofauti. Baada ya hapo wateja kama arobaini walinitapeli, mpaka nikafika mahali nikaamini kwamba sasa hakuna wa kunidanganya. Mtu wa aina hiyo wauza duka humnusa tangu akiwa barabarani.

Baba yangu, Ganpatlal, alifuma vitambaa kiwandani miaka thelathini na mmoja. Kelele za mitambo zilimla nusu ya masikio, kisha kiwanda kikafungwa, kisha presha ya macho ikamalizia macho yote mawili. Ana miaka sita haoni hata mwanga wa dirishani. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeacha kusema "Baba anatazama TV." Anatazama habari. Anatazama kriketi. Anatazama tamthilia ya mama mkwe na mkaza mwana wasioelewana, na humtukana mama mkwe kwa jina. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake ubavuni mwa televisheni yetu ya chogo, ya zamani sana, yenye sanduku la mbao na spika mbili kubwa, kiganja chake kikiwa juu ya mbao. Nusu ya maneno aliipata kwa sikio, nusu nyingine ilimpanda mkononi. Mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja, yeye alijua kabla yetu sisi wenye macho, kwa sababu vifijo vya watu vilimtetemesha vidole.

Nayaeleza sasa kama profesa. Wakati ule nilikuwa nikiiruka miguu yake kila jioni nikienda kuchukua chai, na sikuwahi kuyafikiria.

Mwaka huo, baada ya kesi ya miaka mingi iliyowazika wenzake wengi, wafanyakazi wa kiwanda walilipwa haki yao. Baba alipata fungu lake. Akatenga la dawa, akatenga la paa, kisha akaniita akanipa rupia elfu thelathini.

"Ramu," akasema, "hii televisheni siku hizi haiji safi. Nunua nyingine. Iwe safi."

Ni kweli spika moja ilikuwa imepasuka tangu mvua za mwaka ule, ikawa inakwaruza. Ni kweli pia kwamba picha ilikuwa na mistari ya kijani na watangazaji wote walikuwa na sura za wagonjwa wa homa ya manjano. Mimi niliposikia "safi" nikawaza picha. Mwambie mtu mwenye akili timamu kwamba kipofu amelalamikia picha, atacheka. Mimi sikucheka. Nilisema, "Baba, nitakuletea picha ambayo hujawahi kuiona."

Baba akatabasamu. Alidhani natania. Kwetu natania sana, hilo nalo limenigharimu.

Tukaenda dukani jioni ya Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, ambapo kununua kitu kipya ni baraka na Indore nzima iko madukani, huyu ana sufuria, yule ana hereni, mwingine amebeba friji mgongoni. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu Sarla, na Mukund kaka yake, aliyekuja kwa kuwa yeye ana inchi hamsini ukutani kwake na anajiona daktari wa televisheni.

Kijana wa duka, mwenye tai shingoni, alijiita Pritesh. Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa televisheni, zote zinaonyesha kasuku yuleyule akinyoosha bawa.

"Karibu, kaka mkubwa. Tunatafuta inchi ngapi?"

"Mpe arobaini na mbili," Mukund akadakia. "Chumba chake ni kama kibanda cha tiketi. Ukimpa kubwa zaidi itabidi yeye alale nje."

"Shemeji, wewe ya kwako si hamsini?"

"Hamsini. Na usijilinganishe na mimi, utaumia."

Hapo inchi zikaniingia kichwani. Sarla alikuwa amesimama pembeni kwenye televisheni ya inchi arobaini na tatu, bei elfu ishirini na sita, ambayo chini ya kioo ilikuwa na kisanduku kirefu cha spika zilizoelekea mbele. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Baba Nimmi, njoo usikie hii. Sauti yake imejaa."

"Mama Nimmi," nikamjibu kwa nguvu ili duka lisikie, "tumekuja kununua televisheni au redio?"

Watu wakacheka. Mukund akacheka. Pritesh akacheka kwa sababu analipwa. Niliyecheka zaidi nilikuwa mimi. Sarla akajifunika vizuri mtandio wake, akanyamaza.

Pritesh akaendelea na kazi yake. "Nyumbani nani anatazama zaidi?"

"Baba yangu."

"Mzee anakaa umbali gani na kioo?"

Nikanyoosha mkono. "Kama hapa."

Pritesh akashtuka. "Karibu hivyo? Basi macho yake yana matatizo, kaka."

Mukund akakohoa. Sarla akanibonyeza kiunoni kwa kidole. Hapo ndipo palikuwa pa kusema ukweli, na ukweli ulikuwa mfupi sana, neno moja tu. Lakini hebu fikiria, duka limejaa watu, umetoka kuwachekesha, sasa uwaambie kwamba mtu unayemchagulia picha ni kipofu? Niliona haya. Nikasema, "Hayako vizuri sana."

"Basi dawa ya macho mabovu ni kioo kikubwa na picha kali. Njoo huku." Akanipeleka kwenye mnyama mmoja wa inchi hamsini na tano, wa kampuni ambayo jina lake sijaweza kulitamka mpaka leo. "Nukta milioni nane. Mzee atahesabu manyoya ya kasuku moja moja."

Na kweli, manyoya yalihesabika. Nikamtazama Mukund. Alikuwa ameacha kutabasamu, na uso ule peke yake niliuona una thamani ya elfu kumi.

Bei ilikuwa elfu thelathini na tatu. Nikaanza kurudi nyuma, Pritesh akanidaka. "Ya zamani unayo? Tuna ofa ya kubadilishana. Lete mbovu, tunakata elfu tatu. Unatoka na inchi hamsini na tano kwa thelathini kamili."

"Tumuulize Baba kwanza," akasema Sarla.

"Saa njema ya kununua inakwisha sasa hivi," nikasema. "Kalenda imeandika. Tukianza kuulizana itapita."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ina chaji, ina salio, na Baba simu yake huwa shingoni, kwenye uzi. Nikatia saini.

Kesho yake asubuhi Baba alikwenda kunywa chai na wenzake wa zamani pale kwenye lango la kiwanda, kama afanyavyo kila siku. Vijana wa duka wakaja na bajaji mbili. Wakatoboa ukuta, wakapandisha kioo juu, wakaibeba ile ya chogo kama maiti ya mtu mnene, wawili kichwani, mmoja miguuni. Mukund alifika mapema kuja kuona wivu wake kwa karibu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliwapa wale vijana peremende za Diwali kabla ya miungu kuonja.

Mechi ilikuwa inaanza saa nane. Nikaunganisha king'amuzi chetu cha siku zote. Nikapata funzo la kwanza: kasuku wa dukani alikuwa na chakula chake maalumu, video iliyotengenezwa kwa vioo vile, king'amuzi chetu hakina. Sura za wachezaji zilikatikakatika kama viazi vya mchuzi. Nikapata na la pili: spika za mnyama yule ziko mgongoni. Mgongo uko ukutani. Mtangazaji alikuwa anaongea na matofali.

Baba akaingia. Kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda ni hatua nane, anazijua, fimbo huiacha nje. Akakaa. Akanyoosha mkono wa kulia, bila kufikiri, mahali ambapo kiganja chake kimekaa miaka yote hiyo.

Mkono ukapita hewani.

Akaupeleka mbele kidogo, akaushusha, akagusa meza tupu. Akaipapasa mpaka pembeni.

"Iko wapi?"

"Iko juu, ukutani, Baba!" nikasema. "Mpya! Inchi hamsini na tano! Kubwa kuliko ya mtu tunayemfahamu."

Mukund akatazama miguu yake.

Baba akasimama, akanyanyua mkono, akaifuata ile sauti nyembamba iliyokuwa inatokea huko nyuma. Vidole vyake vinne vikatua kwenye kioo, katikati ya uwanja.

"Baba, usiguse kioo!"

Nilipiga kelele kama mtu anayefukuza ng'ombe kwenye genge la mboga. Mkono ukarudi haraka, ukaushika ule mwingine. Sijawahi kuona mikono miwili ya mtu mzima ikikosa kazi namna ile.

"Na ile nyingine?" akauliza.

"Wameichukua wa dukani. Wamekata elfu tatu."

"Ahaa." Akakaa. Akasema, "Basi nisimulieni."

Binti yangu Nimmi akamsimulia. Anakimbia, babu, anarusha. Amepiga. Hapana, amekosa. Kwa nusu saa hivi ilikwenda. Kisha Nimmi akapigiwa simu na rafiki yake, nikaendelea kusimulia mimi, lakini mimi nikisisimka nanyamaza, na kila niliponyamaza Baba alikuwa anageuza uso huku na huku akitafuta nini kimetokea. Mechi ikiwa nusu, akainuka akaenda kujilaza. Baba yangu hajawahi kuacha mechi nusu, hata mwaka aliopata malaria. Tukapunguza sauti ili asisumbuke. Sarla akaniangalia. "Unapunguza nini?" akasema. "Ilikuwepo?"

Usingizi ulinikataa. Asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, nikawa mlangoni kwa Pritesh na ile risiti.

"Nirudishie chogo langu. Hiyo elfu tatu nakuongezea."

"Kaka, ile? Ilikwenda jana hiyohiyo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hizo hatuziweki, zinajaza stoo."

Mnunuzi mwenyewe ni Hasmukh. Namfahamu vizuri, ndiye anayeniuzia waya wa shaba wa kufungia mota. Nilimkuta uani kwake amekaa kwenye gunia, na waya wa televisheni yangu umeshakunjwa vizuri umewekwa kando, pengine ili aniuzie mimi. Sanduku la mbao lilikuwa kwenye jiko la mawe, limebaki kipande. Birika lilikuwa juu.

"Ramnivas! Umekuja na bahati, chai imeiva."

Nikanywa. Ndiyo, nilikunywa. Ilikuwa na tangawizi.

Pale chini, kati ya misumari, ilikuwepo ile spika. Nikaiokota. Karatasi yake ilikuwa imechanika urefu wa kucha. Mimi ni fundi wa umeme. Spika kama ile ni rupia mia mbili na hamsini, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa na bisibisi moja. Miezi minne ilikwaruza masikioni mwangu, na kila siku nilikuwa narudi nyumbani na bisibisi mfukoni.

"Hiyo haina kitu," Hasmukh akaniambia. "Itupe."

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mbaya, na mtu mbaya akifika nyumbani hutafuta wa kugawana naye. Nilimkuta Mukund sebuleni anakula kachori za Sarla. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, ameinamia sinia, anatoa njegere kwenye maganda. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Wewe ndiye uliyenitia wazimu wa inchi," nikamwambia Mukund.

"Mimi? Mimi nilikwambia arobaini na mbili. Dunia nzima ilisikia. Hata kasuku alisikia."

"Ulisema kwa dharau!"

"Sasa shemeji ulitaka nikuambie kwa wimbo?"

Nikamgeukia mke wangu. "Na wewe. Ulijua sauti ina umuhimu, ukanyamaza."

"Sikunyamaza, nilinyamazishwa," akasema Sarla. Hakuinua sauti. "Nilikuonyesha yenye spika. Ukawauliza watu kama tumekuja kununua redio. Wakacheka, ukafurahi. Nilisema tumuulize Baba, ukanitolea kalenda."

"Yule kijana alinizungusha na maswali yake..."

"Alikuuliza macho ya Baba yakoje, Baba Nimmi. Lilikuwa swali zuri sana."

Mukund akaacha kutafuna. Nilibakiwa na mtu mmoja tu wa kumtupia mzigo, na aibu niliyokuwa nayo haikunizuia.

"Na Baba naye! Baba si ulisema mwenyewe iwe safi? Mtu akikuambia televisheni haiji safi, unaelewaje? Nilitafuta iliyo safi kuliko zote! Nilisimama pale saa nzima kwa ajili yako!"

Baba akapasua ganda moja, akaziacha njegere zidondoke kwenye sinia.

"Nilisema, ndiyo."

Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikachuchumaa mbele yake, nikamgusa miguu.

"Baba, nisamehe. Yote yalikuwa mbele yangu siku zote, na sikuona."

"Kutoona niachie mimi, Ramu," akasema. "Wewe hukuuliza."