Chagua Wewe

Arlene Sundquist hakuitaka huduma ile, na lau si adabu zake mwenyewe, isingeingia ofisini kwake.

Kwao Fergus Falls, Minnesota, mtu akikupa kitu, unakataa. Akikupa tena, unakataa tena. Mara ya tatu ndipo unapokea, tena huku ukinung'unika kwamba anajisumbua bure. Sal DeLuca, mwenziwe katika ile ofisi ndogo ya uwakili, alizaliwa New Jersey, ambako ukiambiwa chagua, unachagua.

Walikuwa wakitafuta njia salama ya kutumiana faili na wateja, maana kuzituma kwa barua pepe tupu ni sawa na kuanika nguo za ndani barabarani. Zikabaki huduma mbili. Moja ilifunguka kwa kugusa kiungo tu. Nyingine ilidai kwanza namba ya siri, ambayo mteja hutumiwa kwenye simu yake mwenyewe. Na wakili aliweza kuona nani anabisha hodi, hata kuifunga faili ambayo ameshaituma.

"Wateja wangu wazee, Sal," alisema Arlene. "Kutafuta miwani tu ni kazi. Hizo namba watazisoma saa ngapi?"

"Wewe unawahurumia macho, mimi naogopea siri zao. Haya basi, chagua wewe."

"Aa, chagua wewe," akajibu Arlene kwa adabu, akingoja kubembelezwa.

"Asante," akasema Sal, akabofya ile yenye namba.

Arlene alinuna wiki nzima kama wanavyonuna watu wa kwao, kwa kutabasamu na kumletea mwenziwe kahawa.

Kisha akaja Verna Ostby, bibi aliyekuwa amemkimbia mumewe Curtis, mtu mwepesi wa ngumi. Alikuwa amepanga nyumba katika mji mwingine, na Curtis alikuwa anamtafuta. Anwani ya nyumba hiyo ilikuwa ndani ya faili ya talaka. Arlene akamtumia Verna aisome, kwenye barua pepe ileile aliyoitoa zamani alipoandika wosia.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia.

"Arlene mwanangu, samahani kukusumbua. Labda si kitu."

"Sema tu, mama Verna."

"Simu yangu inaniletea namba. Zinakuja tu, hii juu ya hii. Na mimi naoka keki hapa, sijafungua chochote."

Arlene akaruka kitini. "Hiyo barua pepe yako, nani mwingine anaisoma?"

"Si yetu sote, mimi na Curtis? Kwani wewe na mumeo hamtumii moja?"

Walitumia moja. Wazazi wake pia, na majirani zake. Aliyekulia humo angekumbuka vipi kuuliza?

"Usimtajie mtu namba hizo! Sal! Njoo!"

Sal akaja mbio. Kwenye skrini, mtu alikuwa anajaribu, anakosea, anajaribu tena. Sal akaifunga faili, wakasoma pamoja kila jaribio tangu la kwanza. Hakuna lililofanikiwa.

"Ameona ninapokaa?" Verna akauliza kwa sauti ndogo.

"Hajaona hata herufi moja, mama."

Verna akaangua kilio. "Mungu awalipe, wanangu. Nilikuwa sina tena nguvu ya kuhama."

Arlene naye alilia, wala hakujificha. Alimshukuru Mungu, akaishukuru ile namba sumbufu, na zaidi akamshukuru yule mtu asiyejua kubembeleza.

Keki ya Verna ilifika ofisini Ijumaa. Kikabaki kipande cha mwisho, ambacho huko kwao hakuna mwenye haya ambaye angekigusa. Arlene akasukuma sahani.

"Chukua, Sal."

"Aa, hapana, chukua wewe," akasema Sal, aliyekuwa ameanza kujifunza desturi za watu.

"Usijifunze," akasema Arlene, machozi yakimlengalenga. "Nakuomba, Sal. Ungekuwa na adabu zetu, leo tungekuwa tunamzika Verna."

Sal akakitia chote kinywani.