Ngozi Mbichi

Kashaija aliacha kazi kwenye machimbo ya bati kwa sababu moja tu: baba yake, Mzee Nuwagaba, alikuwa anakwisha, naye alitaka kumuuguza mwenyewe. Kilichobaki ni kurudisha ofisini Kyerwa darubini ya kupimia ardhi, mali ya kampuni. Sanduku lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Akapitia kwanza nyumbani Igurwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mzee alijikokota kutoka kitandani. Alikuwa mfugaji tangu utoto, na kwake yeye kitu cha thamani kilifungwa kwa ngozi mbichi, ikauke na kushika barabara kama kwenye ngoma. Fahali alikuwa amechinjwa asubuhi ile. Mzee akaiviringishia darubini ngozi yake mbichi, akakaza kila fundo kwa meno.

"Tata, usijichoshe," Kashaija alisema.

"Wasije wakasema mwanangu amerudisha mali ya watu ovyo ovyo."

Nani angelifungua fundo la baba mgonjwa? Kashaija akajitwika mzigo. Siku ya pili jua lilikuwa kali, jua lisilo na haya, na ngozi ikazidi kujikaza. Karibu na Kyerwa akasikia kitu kikilia ka! juu ya kichwa chake. Hakuthubutu kufungua.

Ofisini msimamizi aliikata ngozi kwa kisu. Kioo kilikuwa vipande, na bomba la shaba limepinda.

"Nani kafunga hivi?" aliuliza. "Kama si wewe, mtaje, askari wamlete ajibu mwenyewe. Wewe umeshaacha kazi, nenda zako."

Nenda zako! Ilitosha kulitaja jina moja. Kashaija akamwona baba yake akikokotwa njiani, akiambiwa mbele za watu kwamba mikono yake ndiyo iliyovunja.

"Nimefunga mimi," akasema.

Wakamtia shimoni kuchimba mpaka mvua zipite, kulipia darubini, bila ruhusa ya kutoka. Akamtuma Tumwine, jirani yake wa Igurwa aliyekuwa akipita Kyerwa, amwambie mzee kwamba darubini imefika salama, na kampuni imemsihi abaki kidogo. Uongo ule ulimuuma. Lakini angefanyaje? Alimpenda baba yake.

Mvua zilikuwa hazijakatika Tumwine aliporudi. Alisimama ukingoni mwa shimo, kofia mkononi, na Kashaija akajua.

"Tumemzika Jumapili. Pole, ndugu yangu," Tumwine alisema. "Habari zako zilimfurahisha mno. Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa jinsi darubini ilivyofika." Akatoa furushi kikapuni. "Hii aliikata mwenyewe, wakati hata maziwa hayapiti kooni. Alisema uwafungie na darubini zao nyingine."

Kashaija alilipokea kwa mikono miwili, akalia bila kujificha. Ilikuwa ngozi ya yule fahali, imelowekwa upya na kuviringishwa kwa majani mabichi ya mgomba, isije ikakauka njiani.